FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA: UMBALI UNAVYOWAGAWA WAFANYAKAZI WA BUSIA NA TORORO

Mfanyakazi akisimama kando ya barabara kuu pale Busia, upande wa Kenya, akamwita mwenzake aliye upande wa Uganda, mwenzake atamsikia na kuitika. Wataamkiana kwa Kisamia, kwa Kiteso au kwa Kiswahili, na mmoja anaweza kuvuka akanywe chai kwa mwingine kabla chai haijapoa. Lakini wawili hawa wakipata shida kazini, shida ya aina moja, siku moja, kwa mkono wa tajiri yule yule, mmoja ataambiwa apeleke malalamiko yake Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na mwingine ataambiwa apeleke Kampala, karibu kilomita 200. Na viongozi wa Nairobi na wa Kampala wakitaka kukutana, aghalabu hukutana Arusha. Basi watu ambao sauti zao zinafikiana bila simu wanatenganishwa na karatasi, na malalamiko yao huizunguka Afrika ya Mashariki yote kabla ya kukutana.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi wa mpakani tunaijua methali hiyo kwa miili yetu. Nyoka yuko mlangoni, fimbo iko makao makuu, na barua ya kuiomba fimbo huchukua majuma. Katika makala haya nataka kueleza jinsi umbali, yaani hatua za miguu na kilomita za barabara, unavyoamua nani awe rafiki wa nani, nani amsikilize nani na nani amwogope nani kazini. Jambo hili si dogo. Wapakizi wa upande mmoja wakidai nyongeza, mwenye mzigo hana haja ya kubishana nao. Humtuma kijana avuke akaite wapakizi wa upande wa pili, ambao hawana habari yoyote ya mgomo, na kabla ya jua kutua lori limeshajaa. Tajiri anavuka mpaka kila siku. Chama hakivuki.

MSTARI ULIVYOKUJA

Mpaka huu haukuumbwa na Mungu. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii ya ziwani mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamisha na kuitia katika himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 mstari ukaandikwa rasmi. Msamia hakuulizwa, wala Mteso. Ndiyo sababu hata leo utamkuta Msamia ana shamba la baba huku na la mjomba kule, na Mteso wa Amukura au Amagoro, ambaye ni raia wa Kenya, anamtambua Emorimor, kiongozi wa kimila ambaye makao yake ni Soroti, Uganda. Undugu umekataa kukatika.

Kazi ndiyo iliyokatika. Wakati wa Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, mfanyakazi wa stesheni ya Tororo na mwenzake wa Eldoret au Nakuru walikuwa na tajiri mmoja. Walikuwa wakijuana kwa majina, kwa sababu gari moshi liliwaleta na kuwapeleka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika likagawanywa. Jiwe la Tororo liliendelea kusimama pale pale, reli ikabaki pale pale, na kutoka Malaba mpaka Tororo ni mwendo wa kilomita 15 hivi kama zamani. Lakini wafanyakazi wa huku na wa kule wakawa wageni. Jumuiya ilifufuliwa, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikimruhusu mfanyakazi wa nchi moja kutafuta kazi katika nchi nyingine. Ni jambo jema. Hata hivyo chama cha wafanyakazi huandikishwa kwa msajili wa nchi yake, na uanachama wa Kenya ukivuka geti unakuwa karatasi tu.

NUSU MAILI ILIYOZAA KAZI

Watu wengi wa Nairobi na Kampala wanapanda boda boda kila siku bila kujua kwamba jina hilo lilizaliwa kwetu. Katika miaka ya 1960, pale Busia, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, mahali pasipo pa huyu wala pa yule. Motokaa ikitaka kuvuka ilidaiwa karatasi nyingi, kwa hiyo abiria alishushwa getini akatembea na mzigo wake kichwani. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto nyuma, wakasimama getini wakiita "boda, boda", maana yake wanakwenda mpakani. Watu wa Malaba wanadai kwamba ilianza kwao, nami sitaki ugomvi na watu wa Malaba, maana nina wanachama huko.

Umbali ule wa nusu maili ulikuwa mali. Ulilisha watu na kusomesha watoto. Lakini ninalotaka mlione ni jambo jingine. Vijana wale walikaa mahali pamoja siku nzima, bega kwa bega, wakingoja abiria. Kwa kukaa pamoja walijuana. Walijua nani mama yake ni mgonjwa na nani anadaiwa karo. Wakachagua mwenyekiti wa steji, wakaweka zamu, wakachanga pesa za mazishi, wakapanga adhabu kwa mwenye kunyang'anya abiria wa mwenzake. Hicho ni chama! Walikuwa na chama kabla ya katibu yeyote kuja na vitabu vya risiti kuwafundisha maana ya chama. Kule Uganda, chama cha Amalgamated Transport and General Workers' Union kilikuja kulitambua jambo hili. Badala ya kumfuata mwendesha boda boda mmoja mmoja barabarani, kilivipokea vyama vyao vya steji kama vilivyo, na wanachama wake wakaongezeka kutoka maelfu machache mpaka makumi ya maelfu.

Siku hizi baiskeli imeipisha pikipiki, na pikipiki huenda mbali. Kijana anaitwa kwa simu, anaondoka alfajiri, wengine hawarudi stejini mpaka jioni. Nimeona steji ambazo zamani zilikuwa na michango imara zikilegea, na wazee wa steji wanalalamika kwamba vijana hawana adabu. Mimi sidhani ni adabu. Hawaonani.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Msafiri sasa husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na makarani wa forodha na wa uhamiaji wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Karani wa Kenya akikwama katika faili humgeukia mwenzake wa Uganda akamwuliza. Hampigii simu wala kumwandikia barua. Hivyo serikali mbili zimekubali kwamba kazi inakwenda upesi watu wakikaa meza kwa meza. Vyama vyetu bado. Katibu wa tawi la huku na katibu wa tawi la kule wanapigiana simu siku ya Mei Mosi kupeana heri.

WALIYOYAPIMA WATAALAMU

Mimi sikusoma kupita shule ya msingi, na mambo haya niliyajua kwa macho kabla ya kuyasikia katika semina. Hata hivyo ni vizuri mfanyakazi ajue kwamba wasomi wameyapima na kuyakuta ni kweli.

Mwaka 1950 Wamarekani watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walitoa kitabu juu ya nyumba za wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT. Wapangaji hawakuchagua jirani. Kila mmoja alipewa nyumba iliyokuwa wazi. Watu wakaulizwa marafiki wao ni akina nani. Waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa kiasi cha 41 katika 100. Waliotenganishwa na nyumba moja katikati, 22 katika 100. Waliokaa mwisho na mwisho wa ukumbi ule ule, 10 tu katika 100, na hapo hatuzungumzi juu ya maili, kwani kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine hazikufika futi 100. Kuna jambo lililonifurahisha zaidi. Wale wa chini waliokaa karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wa chini, si kwa sababu ya uzuri wa tabia zao, bali kwa sababu kila apandaye na ashukaye alipita mlangoni pao.

Sasa tazama ofisi zetu. Nimeingia ofisi nyingi za matawi ambazo ziko ghorofani, nyuma ya benki au nyuma ya duka la nguo, kwa sababu kodi ya huko ni nafuu. Katibu yuko juu na feni yake, mfanyakazi yuko chini na gunia lake. Mpakizi wa Busia akitaka kumwona katibu lazima aache mzigo, aoge miguu, apande ngazi, na akifika aambiwe katibu ametoka. Mama mwenye kibanda cha chai kando ya geti anajua habari za wapakizi kuliko tawi zima: nani amefukuzwa, nani amekatwa mshahara, nani anataka kuhamia kazi nyingine. Yeye amekaa chini ya ngazi. Kama ningekuwa na uwezo, kodi ya ghorofani ningeinunulia mabenchi mawili na kuyaweka pale kibandani.

Mwamerika mwingine, Thomas Allen, alichunguza wahandisi akaona kwamba meza zao zikiachana kwa mita 50 hivi, mazungumzo ya kazi baina yao yanakuwa machache sana. Na mwaka 1981 Bibb Latané aliandika kwamba nguvu ya watu juu ya mtu hutokana na mambo matatu: uzito wao, ukaribu wao na wingi wao. Vyama vyetu vinahesabu wingi peke yake. Sheria nayo inatufundisha hivyo. Kenya, kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na wengi wa wafanyakazi wanaostahili kuingia. Kwa hiyo tunakimbilia saini. Tukishapata wingi tunarudi mjini, na ukaribu tunamwachia nyapara.

NYAPARA YUKO KARIBU, TAJIRI YUKO MBALI

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila mwakilishi wa wafanyakazi angepaswa kuusikia. Stanley Milgram, wa Chuo Kikuu cha Yale, aliufanya mwaka 1961 na 1962. Watu wa kawaida waliitwa kwa tangazo la gazeti, wakaambiwa kazi yao ni kumwadhibu mtu kwa umeme kila anapokosea jibu, wakizidisha kidogo kidogo. Umeme haukuwapo, na yule aliyelia alikuwa anaigiza, lakini wao hawakujua. Msimamizi aliposimama nao chumbani akiwaambia waendelee, 26 katika 40 walitii hadi kiwango cha mwisho. Msimamizi alipotoka akatoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka wakawa kama mmoja katika kila watano. Wengine walimdanganya huko kwenye simu, wakasema wameongeza umeme, kumbe wameushikilia chini kabisa.

Kila mpakizi atacheka akisikia habari hiyo, kwa maana anaijua. Nyapara akisimama nyuma yako, gunia la tatu unalibeba hata kama mgongo unauma. Akienda kunywa soda, magunia nayo yanapumzika.

Milgram alipima pia upande wa pili. Yule mwenye kuumizwa alipowekwa chumba kimoja na mwenye kumwumiza, utii ulipungua. Na alipolazimika kumshika mkono kwa nguvu, ukapungua tena. Maana yake ni kwamba umbali humfaa mwenye kudhulumu. Mtu anaweza kukata mishahara ya watu mia asiowaona, akashindwa kumkatia mmoja aliyesimama mbele yake.

Nitatoa mfano. Kulikuwa na mpakizi upande wetu aliyeangukiwa na mzigo akavunjika mguu. Kampuni sitaitaja. Meneja wa hapa alikuwa mtu mpole, akasema hana mamlaka ya kulipa fidia, tuandike makao makuu. Tukaandika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Ya tatu ikarudishwa kwa meneja yule yule mpole. Mwishowe wanachama wakachanga nauli, tukapanda basi la usiku pamoja na mgonjwa mwenyewe na magongo yake, na asubuhi tukakaa naye katika chumba cha kupokea wageni cha ofisi kuu, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele ya kila aingiaye. Hatukupiga kelele. Hatukusema neno ambalo halikuwa katika barua. Lakini bwana mkubwa alipopita mara ya pili aliuliza huyu ni nani, na kabla ya saa nane mchana karatasi za fidia zilikuwa mezani. Barua tatu zilisema maneno yale yale. Mguu ulikuwa karibu, barua zilikuwa mbali, hiyo ndiyo tofauti niliyoiona.

Haya yanawahusu vile vile ndugu zetu wa Tororo, mji wa saruji tangu miaka ya 1950, na ambako Sukulu kiwanda cha mbolea kilifunguliwa mwaka 2018. Mwenye mali siku hizi anaweza kuwa bara jingine kabisa. Nyapara aliye karibu hana kauli, mwenye kauli hayuko karibu. Chama kisipokuwa na njia ya kuufikisha mguu uliovunjika mbele ya macho ya mwenye kauli, kitaandika barua mpaka wino ukauke.

FOLENI YA MALABA

Sasa nije kwa madereva wa malori. Hao ndio wafanyakazi wagumu kuliko wote kuwaandikisha, nami nimejaribu. Dereva anatoka Mombasa, anapita Nairobi, anafika Malaba baada ya zaidi ya kilomita 900, halafu anaendelea Kampala, Kigali, Juba au Goma. Siku zake nyingi yuko peke yake na utingo wake. Madereva wawili wa kampuni moja wanaweza kufanya kazi miaka mitano na wasionane isipokuwa kwa kuwashiana taa njiani. Tajiri akimpunguzia mmoja posho ya safari, mwingine hajui. Naye akipunguziwa anadhani ni yeye peke yake amekosea.

Lakini mwezi wa Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa mizigo, na kila dereva alitakiwa apimwe na kungoja majibu. Foleni ya malori upande wa Kenya ikawa ya makumi ya kilomita. Madereva wakalala njiani siku baada ya siku, bila choo, bila maji, wakiogopwa na wenyeji kama kwamba wao ndio waliouzaa ugonjwa. Yalikuwa mateso, wala sitaki mtu ayasifu.

Pamoja na hayo, foleni ile ilifanya kazi ambayo mimi na wenzangu tulishindwa kuifanya kwa miaka. Kwa mara ya kwanza dereva aliyezoea kumwona mwenzake kwa nukta moja ya mwanga alikaa naye siku nne, lori nyuma ya lori, wakapika pamoja kando ya gurudumu. Wakaulizana. Wewe unalipwa ngapi kwa safari? Posho yako ya kulala ni kiasi gani? Bima unayo? Kumbe huyu anapata nusu ya yule kwa barabara ile ile. Nilipita katika foleni ile na vipeperushi vyangu, nikakuta madereva wanajua habari za mishahara kuliko zilivyoandikwa katika vipeperushi.

Januari 2022 likatokea jingine. Uganda ilitaka kila dereva apimwe tena mpakani na alipie kipimo dola 30 za Marekani. Madereva wakakataa. Wakazima injini. Hapakuwa na ukumbi wala kipaza sauti. Ukumbi ulikuwa ni barabara, na neno lilitoka lori moja hadi la pili kwa mdomo, kuanzia getini mpaka mkia wa foleni. Mafuta yakaanza kuwa adimu Uganda, na serikali ikalegeza sharti lile. Vyama vya madereva vilisema, na vilisema vizuri, lakini kwa maoni yangu sauti iliyosikika ilikuwa ya wale waliokuwa wamebanana pale lami. Wenye mamlaka wanapenda sana kusema juu ya hasara ya foleni kwa biashara. Ni kweli foleni ni hasara. Lakini kwa watu waliotawanywa katika barabara ya kilomita elfu moja, ilikuwa mkutano mkuu wao.

Foleni ikipungua, na lazima ipungue, mkutano huo nao utakwisha. Ndiyo sababu naona tusingoje matatizo yatukusanyie watu. Madereva wanahitaji mahali pa kupumzika Malaba, penye bafu, chakula cha bei nafuu na mwakilishi wa chama ambaye yuko pale usiku, kwa kuwa dereva hafiki saa za ofisi.

KAZI ILIYOHAMIA PWANI

Makarani wa uwakala wa forodha walipata pigo la namna nyingine. Tangu mwaka 2014, kwa mpango wa Eneo Moja la Forodha, mizigo ya Uganda hulipiwa kodi na kukamilishiwa karatasi ikiwa bado Mombasa. Kabla ya hapo Malaba na Busia zilijaa ofisi za mawakala, na kila ofisi ilikuwa na makarani, wapeleka faili, wapiga chapa na wauza chakula nyuma yake. Hakuna aliyefukuzwa kwa ubaya. Kazi yenyewe iliondoka ikaenda zaidi ya kilomita 900, na uamuzi huo ulifanywa katika vikao ambavyo karani wa Malaba hakuwa na kiti. Aliyekuwa na ndugu au fedha ya kupangisha chumba Mombasa aliifuata. Wengine wanaendesha boda boda.

Na umbali hauhesabiwi kwa futi peke yake. Akina mama wanaovusha mayai, nyanya, samaki na nguo pale Busia wana haki ya kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo wa bidhaa za Afrika ya Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000, na wasitozwe ushuru wa forodha. Dirisha la kutolea cheti liko hatua chache tu kutoka wanapokaa. Hata hivyo wengi hupita njia za panya, wakanyang'anywa na kutukanwa huko vichakani, kwa sababu tangu utotoni wamefundishwa kumkimbia mtu mwenye sare. Hatua 200 kwao ni ndefu kuliko safari ya Mbale. Watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu walilimaliza jambo hili mapema; wao hupita katikati ya barabara, mchana, kwa kikundi, na maafisa wanawajua kwa majina.

SIMU, NA TUNAYOYATAKA

Vijana wananiambia: mzee, umbali umekufa, siku hizi kuna simu. Nawajibu kwamba simu ni kitu kizuri. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mwanachama anaweza kulipa ada akiwa njiani, na mweka hazina hana nafasi ya kusema risiti zimeliwa na panya. Kundi la WhatsApp la tawi linatupa habari za ajali kabla polisi hawajafika. Lakini nimeangalia makundi hayo. Yanaishi yale ambayo watu wake walikwisha kukaa benchi moja. Yale yaliyoundwa kwa kukusanya namba za watu wasiojuana hujaa matangazo ya bahati nasibu na picha za maua za kuamkiana asubuhi, na siku ya mgomo yananyamaza kimya. Kwa simu, kama tulivyoona kwa Milgram, ni rahisi kusema ndiyo na kufanya hapana.

Kwa hiyo sisi wa mpakani tumepeleka maombi yetu kwa makao makuu ya pande zote mbili, na hapa nayaandika ili wanachama wayajue. Kwanza, matawi ya Busia na Tororo ya nchi mbili yawe na kamati moja ya ushirikiano, yenye ruhusa ya kukubaliana bei ya kupakia na kupakua bila kungoja Nairobi na Kampala zipate nafasi. Pili, wapakizi wa upande mmoja wakiweka mzigo chini, wa upande wa pili wapewe habari siku ile ile, kwa mtu kwenda kwa miguu, na wasiubebe. Tatu, katibu mkuu au naibu wake afike mpakani walau mara mbili kwa mwaka, akae mchana kutwa pale getini na si katika hoteli. Jibu la kwanza tulilopata ni kwamba katiba ya chama haijui kitu kiitwacho kamati ya nchi mbili. Tumejibu kwamba katiba iliandikwa na watu, na watu hao hawajawahi kubeba gunia Busia.

Wakati tunangoja, hatukai bure. Wapakizi wa pande mbili wamekwisha kuanza kukutana Jumapili mchana, zamu moja Busia na zamu moja Malaba, na wenzetu wa Tororo wameomba zamu ya tatu iwe kwao. Mazungumzo ya mwisho yalikuwa juu ya uzito wa gunia. Upande mmoja gunia la mahindi linahesabiwa kwa kilo 90, upande wa pili linajazwa mpaka mdomo hauwezi kushonwa, na bei ni ile ile. Jambo hilo halijamalizika, litaendelea Tororo. Nauli kila mtu ajilipie, na anayevuka achukue kitambulisho chake cha taifa. Tangu 2014 kinatosha.